Ndege Anaruka, Ndege Inaruka

Harufu ya gundi ya shule hunisuta mpaka leo, na ninastahili. Tulikuwa tumekaa sakafuni, kwenye fleti yetu ya Fordsburg, mjini Johannesburg, juu ya duka la vitambaa, mimi na Mwanaidi, tukibandika mabawa ya boksi kwenye vijiti vya mishikaki. Mwanaidi alikuwa binti wa mjomba wangu, yatima wa baba na mama, kaletwa kutoka Tanga miezi mitatu tu nyuma. Kitanda changu kikawa chetu. Na kila jioni Mama ananiambia, "Msikilize mwenzio anavyosema Kiswahili, si wewe unayetafuna maneno kama chingamu." Nilimchukia, jamani. Siwafichi.

Mwalimu alikuwa amempa nafasi moja: asimame mbele ya darasa aeleze kwa Kiingereza jinsi ndege ya kwanza ilivyoundwa. Akiweza, abaki nasi darasa la sita. Akishindwa, arudishwe la nne. Mwanaidi akaandika yote kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kupendeza: ndugu wawili mafundi baiskeli, walivyokaa mchangani wakitazama ndege wanavyopinda mabawa, kisha wakaunda ndege yao, ikaruka kitambo kisichotosha hata kufunga kamba za viatu. Akanipa nimtafsirie.

"Dada, nakutegemea wewe tu," akasema.

Sasa, kwa Kiswahili hapo hakuna wa kukosea. Ndege anaruka, huyo ana manyoya. Ndege inaruka, hiyo ina injini. Hata mimi mzaliwa wa Joburg nilijua. Nikaandika bird, yaani yule wa manyoya, kila mahali, nikamkaririsha mpaka akashika.

Siku yenyewe alisimama wima, akasema kwa sauti kwamba ndugu wawili walitengeneza bird, wakamtia injini, mmoja akamlalia kifudifudi, bird akapaa. Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akadhani wamefurahi. Akatabasamu, akarudia sentensi ileile kwa sauti zaidi, huku ananitazama kama anayenishukuru. Nami wallahi nilicheka kuliko wote. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Inyoni!", yaani ndege wa manyoya kwa Kizulu, na jina likamganda.

Wakamrudisha la nne, magoti yakigonga meza za watoto wadogo. Nyumbani Mama akanishika sikio. "Si wewe uliyemwandikia?"

Mwanaidi akawahi. "Shangazi, usimgombeze. Dada alikosea tu, maneno yenyewe yanafanana."

Nikashusha pumzi. Moyoni nikasema, mjinga huyu, hata hajui nilichomfanyia.

Eish, mjinga nilikuwa mimi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mtoto aliyeandika Kiswahili kile bila kosa hata moja asingeweza kuamini kwamba nilikosea. Alijua vizuri sana. Ila alikuwa anakula kwetu, na hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mtoto wa namna hiyo hathubutu kugombana na binti wa nyumba. Tuliishi pamoja miaka saba mingine, tukicheka, tukisukana nywele. Hakuniuliza tena maana ya neno hata moja.