Masikio Mawili ya Kushoto

Admin, ficha jina langu lakini hii usifiche: kutoka Tulia mpaka Ikutha hakuna kijana wa kunishinda mbio. Sungura wa kwetu walihamia Makueni kwa sababu yangu. Mbwa wa jirani akiniona nimevaa kaptula anajifanya amelala, hataki aibu.

Niko na miaka ishirini na mbili. Shule niliachia darasa la nane, si eti sikuwa na akili, ni shule ilikuwa inaenda polepole. Nyinyi wafuasi wa hii page mmesoma kunishinda, kwa hivyo mfike mwisho kabla ya kunitukana. Nimeumizwa, tena si na adui. Ni Kyalo (si jina lake), rafiki ambaye mama zetu walitunyonyesha kwa zamu. Jumapili hii anataka tukutane kanisani tusameheane, na mimi sijui kama nitaenda.

Ilianza na mbuzi. Kanisa letu lilitangaza mbio za vijana, mshindi apewe beberu. Mimi nikamwambia mwaitu, mama yangu, aoshe sufuria kubwa, nikamwambia na Mwende, msichana ambaye namtaka, atafute vitunguu. Kilichobaki ni muziki tu, kwa sababu miguu yangu bila ngoma hailipuki vizuri. Nikaenda Malili, kwa duka la vifaa vya simu la mjomba wake Kyalo, ambapo Kyalo alikuwa anauza.

"Kyalo, nataka earphone zile kubwa, za kufunika sikio lote kama rubani."

"Na hili jua la Ukambani? Utapika ubongo, wewe. Chukua hizi ndogo hazina waya. Waya ukikimbia utaunasa na mkono, ung'oe sikio."

"Na MP3?"

"Hii ya klipu. Unabana kwa kaptula, unabonyeza bila kuangalia. Ukichukua ya kioo kikubwa utaangalia picha mpaka ugonge ng'ombe ya watu."

Akaniambia nijaribu, nitikise kichwa. Nikatikisa kama mbuzi ameingiwa na kupe. Zikashika kabisa. Mteja akamwita nje kwa mambo ya chaja, akaenda, akarudi, akanifungia mfuko wangu tukaagana tukicheka.

Nyumbani mambo ikabadilika. Sikio la kushoto, sawa. La kulia, kila nikipiga hatua kumi earphone inatoka kama jino la mtoto. Nikaigandisha na chingamu. Niliona zimeandikwa L zote mbili, lakini sikushtuka. Nilijua moja ni L ya lefti na ingine ni L ya laiti. Sisi Wakamba hiyo herufi ingine ulimi hukataa, mnatujua.

Siku ya mbio niliongoza. Wallahi, hata mchungaji aliona. Kufika kona ya posho mill, sikio la kulia likatema. Nikarudi kutafuta kwa vumbi. Wakanipita wote, hata shemasi mnene mwenye alikuwa amekuja tu kugawa maji, na yeye akaona apite.

Mwende ndiye aliiokota. Akaiangalia, akaangalia ile ya sikio ingine.

"Hii ni L. Na hiyo ni L. Hukuona?"

"Niliona," nikasema kwa sauti, watu wote wanasikia. "Moja ni ya lefti, ingine ya laiti."

Uwanja ulilala chini kwa kicheko. Mpaka leo naitwa Laiti. Mwalimu mmoja wa Kiswahili alinishika bega akasema, "Kijana, hilo ni neno la mtu anayejuta." Na mbuzi akaenda na mtu anakimbia kama amebeba gunia.

Nikampigia Kyalo hapo hapo, simu ikiwa kwa sauti kubwa.

"Kyalo, umeniuza!"

"Nimekuuza aje? Si ulijaribu zikashika?"

"Umenipea makombo ya duka, mimi ndugu yako!"

Nikakata. Nikampigia mjomba wake. Mzee akakagua rafu na akapata boksi iko na R mbili. Sasa nani mwongo? Siku hiyo hiyo akamfukuza Kyalo kazi. Saa hii yuko hapa nyumbani anapiga matofali, na kila nikipita namwona na matope mpaka kwa kope.

Juzi alikuja kwetu, akasimama langoni.

"Ndugu yangu, nimefikiria sana. Labda nilizichanganya nikipanguza boksi. Nisamehe. Lakini mbona ulimpigia mjomba kabla ya kuniuliza vizuri?"

Mimi nikaongeza sauti ya muziki nikaangalia kando. Nilikuwa na earphone moja tu, ya kushoto, kwa hivyo nilisikia kila neno. Nikasikia hata viatu vyake akienda.

Amemwambia mchungaji ataniomba msamaha mbele ya vijana wote. Mwaitu anasema nisipoenda nisimwite mama. Nishaurini, ndugu zangu, nimkubalie ama nikae nyumbani?

Lakini kabla ya kuandika "msamehe tu", kuna kitu sijawaambia, hata mwaitu sijamwambia. Kyalo akiwa nje na yule mtu wa chaja, kulikuwa na boksi ingine wazi hapo kwa kaunta. Earphone moja ya ndani ilikuwa inang'aa, na moja yangu ilikuwa na kamkwaruzo kadogo. Nikabadilisha haraka. Herufi sikusoma, niliangalia kung'aa tu.

Ile R ya pili mzee alipata kwa boksi, niliiweka mimi na mkono wangu.