Kilima Kilichofunikwa na Tepu

Jean-Berchmans alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya serikali mjini Kigali, na mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Miguu ndiyo ilikuwa mizito. Miaka kumi na moja alichora milima ya kaskazini, komine kwa komine, ndizo wilaya za huko, na ndani yake segiteri kwa segiteri, asipande hata mlima mmoja. Kwake safari ndefu ilikuwa kutoka mtaa wa Biryogo alikopanga hadi mezani pake, tena pole pole, shati lisije likajikunja.

Februari 1993 vita viliwashusha watu wa milima hiyo hadi pembezoni mwa jiji. Kambini chakula kiligawiwa kwa orodha: kila komine na segiteri zake, kila segiteri na vilima vyake, maana huko mtu hujulikana kwa kilima anachokaa. Orodha yenyewe ilinakiliwa kutoka kwenye ramani ya Jean-Berchmans.

Asubuhi moja mama mtu mzima aliingia ofisini, miguu imejaa vumbi. Aliitwa Gahongayire, na alikuwa ametumwa na wenzake wa kambini.

"Karani wa kambi anasema Gashinge, kilima chetu, haiko," alisema. "Ati tumeitunga ili tupate kula. Watu mia mbili na kumi iko pale, siku ya sita hatupewi kitu. Nimeambiwa mwenye kuchora milima ni wewe, mwanangu."

"Itakuwa iko tu, mama. Ngoja tutazame."

Haikuwako. Alitafuta katika komine ya Ruhondogo, akatafuta katika komine jirani, wapi! Ndipo alipotoa ramani mbili kuukuu alizonakilia, akaziunganisha. Ukingoni kabisa, pale zilipokutana, kilima cha Gashinge kilikuwapo, na juu yake alama ya njano ya tepu. Mwaka 1991 alibandika tepu hapo ili karatasi ya kunakilia isiteleze, kisha, kilima kikiwa chini ya tepu, akapitisha mpaka kando yake, mchezo ukaisha. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka moto.

"Nieleze kilima chenu chote, mama," alisema.

Mama akaeleza, yeye akachora: chemchemi mbili, migomba ya jirani yake Frederick, njia ya kwenda ofisi ya komine, mwendo wa nusu siku.

"Hapana, hapo umelaza sana," mama alimkosoa. "Hapo ni kupanda! Burugumesitiri mwenyewe, mkubwa wa komine yote, akifika hapo anashuka garini na kuhema."

Wakacheka wote wawili, ingawa hali haikuwa ya kucheka.

Mkuu wa ofisi, Mutabazi, alipoelezwa hakucheka. "Waandikie barua kambini kwamba karani alisoma vibaya. Ukiandika ni wewe, meza hiyo ataikalia mwingine. Na kilima chenyewe sasa kitupu, unakihangaikia cha nini?"

"Watu wake iko kambini, shefu. Wana njaa."

Akaandika: kosa ni langu. Akatia sahihi, na meza ikaenda kweli. Kesho yake aliipeleka barua kambini mwenyewe, akiwa amevaa lile shati lake, moyo mzito, maana mke na kodi ya nyumba havingoji.

Karani aliisoma barua mara mbili, akampa kalamu. "Basi waandike wewe."

Watu wa Gashinge wakapanga mstari, na kila aliyetajwa alipewa kadi yake ya mahindi. Mwisho alihesabu mia mbili na tisa.

"Uliniambia mia mbili na kumi, mama."

"Bado Pudentienne," alisema Gahongayire. "Tulimzika jana."

Karani alisema marehemu haandikwi, hana kadi.

"Kadi hatutaki," alijibu mama. "Siku sita aliambiwa kwao hakuko, akafa hivyo. Mwandike tu, mwanangu."

Jean-Berchmans aliandika: Pudentienne, wa Gashinge. Machozi yalimtoka mbele za watu wote, wala hakuyafuta.