Uwanja wa Kundi C

Binti yangu alikuja nyumbani Jumamosi na karatasi moja ndani ya bahasha ya kaki. Aliiweka juu ya meza ya cherehani, kando ya sare za shule nilizokuwa nashona, akaanza kula. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, lakini karatasi inayosubiri sahihi naijua. Chini yake huwa kuna mstari mtupu.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kazi, Mama. Kula, omena inapoa."

Tayari nilikuwa nimeshaogopa. Yeye ni rubani wa ndege za mizigo katika kampuni moja ndogo, na mwaka huu alifanywa kapteni. Majirani zangu hapa Yamumbi, nje ya Eldoret, walifurahi kuliko mimi. Ndege yoyote ikipita juu, jirani wa mlango wa pili huniita: "Mama Rubani, si huyo wako?" Nikisema hapana, anacheka, anadhani namficha ili asiombwe lifti. Hajui kwamba ndege ikipita huwa naacha kukanyaga cherehani mpaka sauti yake iishe.

Nilimwomba anieleze ile karatasi, akanieleza polepole, kama nilivyomweleza yeye hesabu zamani.

Alisema viwanja vya ndege havilingani. Kampuni huvipanga kwa makundi. Kundi A ni viwanja vya kawaida. Rubani mwenye cheti chake anakwenda tu. Kundi B vina jambo la kuangalia, kama kilima karibu, au upepo, au njia fupi ya kurukia. Huko lazima rubani asome maelezo kwanza na aandike kwamba amesoma.

"Na wa hapa kwetu?"

"Sisi tumeuweka B. Eldoret iko juu sana, Mama. Hewa ni nyepesi, ndege ikiwa na mzigo inachelewa kupaa."

"Na mimi miaka yote nadhani ni mzuri!"

"Ni mzuri. Ila lazima usome."

Kundi C ni vile vigumu. Huko kusoma hakutoshi. Kapteni mgeni lazima kwanza apelekwe na kapteni anayeujua uwanja, aonyeshwe, watue pamoja. Ndipo aende na ndege yake.

Kiwanja alichotakiwa kwenda Jumatatu kilikuwa C. Kiko nchi jirani, ndani ya bonde lenye milima pande tatu. Ukishaingia chini, hakuna nafasi ya kugeuza. Alinionyesha kwa kiganja na kijiko. Kijiko kilishuka kati ya vidole vyake.

"Umeshapelekwa?"

"Wiki jana, na kapteni mmoja mzee. Tulifika juu ya kiwanja, wingu likafunga bonde, tukarudi."

"Mlitua?"

"Hatukutua. Lakini nilikiona. Yule mzee ameenda likizo, mzigo unangoja, na ofisi wanasema kukiona kunatosha. Nitie sahihi tu kwamba nimeonyeshwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nikikataa watasema wanawake ni waoga. Mama, mimi ndiye kapteni mpya kuliko wote pale."

Nilisukuma sahani kando. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata kasisi. Nikilisema, huenda mtoto wangu angelibeba maisha yake yote. Nikilinyamazia, Jumatatu angeingia lile bonde.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Alimwendeshea mfanyabiashara mmoja Msomali mwenye yadi ya malori mjini, mtu mpole aliyewaheshimu madereva wake. Yadi ile ilikuwa na desturi: dereva hashuki mteremko mgeni kabla ya kusomeshwa barabara. Safari ya kwanza anakaa kiti cha abiria, dereva mkongwe anaendesha na kumwambia: hapa shusha gia, kona hii inadanganya, hapa usiguse breki mpaka ule mti. Hata dereva wa miaka ishirini alisomeshwa, na hakuna aliyeona aibu.

Mume wangu alipewa saruji ya kupeleka bonde la Kerio, kule chini ya Iten. Hakuwahi kuushuka mteremko ule akiwa na lori. Mzee aliyepaswa kumsomesha alishikwa na malaria, akasema, "Ngoja mpaka Ijumaa, tutashuka pamoja." Lakini Ijumaa ilikuwa siku ya kufunga shule, na binti yetu, wakati huo ana miaka minane, alitakiwa kukariri shairi mbele ya wazazi. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba atakuwepo.

"Mimi ndiye niliyemwambia baba yako," nilimwambia binti yangu. "Nilimwambia awaambie yadini ameshashuka. Si alishuka na gari la kanisa, tulipoenda harambee? Alikaa nyuma akiimba na kwaya. Akasema, 'Lakini hiyo si kusomeshwa.' Nikamwambia, 'Barabara umeiona, au hukuiona?'"

Alidanganya, wakamwamini, akaondoka Jumatano asubuhi. Breki zilishika moto kabla hajafika nusu ya mteremko. Yule mzee alikuja matangani bado anatetemeka kwa homa, akarudia kuuliza, "Nani alimsomesha? Nani alimsomesha?" Nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, sikujibu.

Binti yangu aliacha kula. 

"Kwa hiyo alikuwa anakimbilia shairi langu."

"Alikuwa anafuata neno langu. Wewe ulikuwa mtoto."

"Na umekaa na hili miaka yote hii?"

"Ndiyo."

Aliinuka akatoka nje. Alisimama kwenye kamba ya nguo, amenipa mgongo. Niliogopa kwamba nimempoteza hata yeye. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na hakunisamehe wala hakunilaumu. Alichukua simu akampigia mtu wa ofisi.

"Sikutua pale. Siwezi kuandika kwamba nimeonyeshwa."

Nilisikia sauti ya yule mwanamume. "Kapteni, sasa unatuletea mambo ya vitabuni? Nitampa mtu mwingine."

"Mpe aliyetua," alisema, akakata.

Jumatatu hakwenda. Kwa karibu mwezi mzima hawakumpa safari hata moja, akawa anashinda kwangu akipiga pasi sare za wateja bila kuzungumza sana. Mimi nilijiona nimeua baba na sasa nimeua kazi. Kisha yule kapteni mzee alirudi kutoka likizo, akasema mwenyewe ofisini kwamba atampeleka.

Siku waliyokwenda, binti yangu alinipigia adhuhuri. "Tumetua, Mama. Mara mbili. Ya pili ndege niliiendesha mimi."

Nilisema asante, nikarudi kwenye cherehani. Nilidhani hofu ingeisha hapo. Halafu nikaelewa kwamba sasa ameruhusiwa. Kuanzia wiki ijayo atakuwa anaingia bonde lile bila mwalimu, kila wanapokuwa na mzigo, na mimi sina tena la kumwambia.