Annick Alipochagua Upande wa Mama

Annick alizaliwa Arlington, Texas, baba Mrundi na mama Mkenya. Nyumbani walizungumza Kiswahili kwa sababu wazazi wake hawakuwa na lugha nyingine ya kupendana wala ya kugombana. Baba, Polycarpe, alikipata katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, alikofikishwa mgongoni mwa mama yake vita vilipowatoa Burundi. Mama, Everline, alitoka nacho Kisii. Kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake, na mtoto akachukua cha wote wawili, akaongezea Kiingereza cha shule.

Mpira aliupata kwa baba. Polycarpe alikuwa beki wa timu ya kambi, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye tumbo dogo na kazi ya ghalani, Jumamosi akitoka zamu alipitia nyumbani kumchukua binti yake, wakaenda kwenye uwanja wa nyasi karibu na maktaba kabla hajalala. Hakumfundisha mbwembwe. Alimfundisha kusimama mahali panapofaa.

Annick alipofika miaka kumi na tisa alikuwa beki wa kati wa chuo kimoja Houston. Likizo ya majira ya machipuko ilimkuta nyumbani, jikoni, simu ikiwa mezani na spika imewashwa, pale alipopiga mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Gaudence, kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya Burundi. Alikuwa ameona video zake.

"Tumesikia baba yako ni mtu wa Rutana," Gaudence alisema. "Tarehe za kambi ya mazoezi bado hazijapangwa, lakini nataka nijue. Utakuja kwenu?"

Polycarpe alikuwa akisonga ugali. Mwiko ukasimama. Annick akautazama uso wa baba yake, akajibu, "Nitakuja."

Jibu lile halikutoka kwingine ila kwenye uso ule. Alilijua hilo tangu mwanzo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo baada ya komunyo, Polycarpe alisimama mbele ya Warundi wenzake akawaomba wamwombee binti yake, kwani anakwenda kuichezea nchi. Vigelegele vikapigwa. Nje ya kanisa, Perpétue, mama wa kwaya, alimshika Annick mashavu yote mawili. "Sisi tulitoka kule tukikimbia," alimwambia. "Wewe utaingia ukipigiwa makofi."

Annick akatabasamu. Njia nzima ya kurudi Houston alijisikia kama mtu aliyevalishwa nguo ya mwingine.

Wiki kadhaa baadaye wakapiga watu wa Nairobi, wa timu ya wanawake ya Kenya. Wao tarehe walikuwa nazo. Mechi za kufuzu zilikuwa karibu, beki wao wa kati ameumia goti, na nafasi ilikuwa wazi. Burundi Annick hakuwahi kukanyaga. Kenya alikuwa amekwenda likizo tangu utotoni. Alimjua bibi yake, alijua mbwa wa jirani anayeuma na asiyeuma. Aliambiwa pia kwamba akishacheza mechi rasmi, kubadili upande si jambo jepesi. Akafikiri usiku mmoja tu, akakubali.

Aliyemwambia ni mama yake peke yake. Everline alipiga kelele ya furaha kwenye simu, kisha akashusha sauti.

"Umemwambia baba yako?"

"Nitamwambia."

"Mwambie leo, Annick. Mimi siwezi kulala na mtu huku nimemficha kitu kama hicho."

"Mama, please. Nipe mpaka Jumapili."

Jumapili ikafika, ikapita. Polycarpe alikuwa na desturi ya kumpigia kila jioni kabla ya kuingia kazini, na sasa alikuwa na swali moja: Gaudence amepiga? Annick akawa anajibu, "Bado, Papa." Gaudence alikuwa amepiga, tena zaidi ya mara moja. Annick aliiacha simu iite huku ameigeuza kifudifudi kitandani, kisha akaenda kuoga, akafungua maji mengi.

Kikosi cha Kenya kikatangazwa. Aliyekiona kwanza ni Perpétue. Alimfuata Polycarpe kwenye maegesho ya kanisa akamwonyesha simu, akidhani kuna kosa. "Kuna Annick mwingine mwenye jina la ukoo wako?"

Polycarpe akasoma. Hakumpigia mtu. Aliingia garini akiwa na suti yake ya kanisani, akashika barabara ya Houston.

Annick alimkuta alasiri ile nje ya uwanja wa mazoezi, ameketi kwenye ukingo wa lami, tai bado iko shingoni.

"Papa."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

Polycarpe akaitikia kwa kichwa. "Kwa nini hukuniambia? Uliogopa nitakupiga?"

"Hapana."

"Uliogopa nini basi?"

"Niliogopa utalia."

Na kweli, akalia, pale pale, wasichana wa timu wakipita na mabegi yao na kutazama kando. Hakujifunika uso. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya tai, akauliza, "Mama yako alijua?"

Annick angeweza kusema uongo mmoja zaidi, na ulikuwa umeshafika mdomoni. "Alijua," akasema. "Nilimwomba anyamaze."

"Basi mlikuwa wawili," alisema Polycarpe, na sauti yake ikawa ndogo kuliko alipokuwa akilia.

Annick akapiga magoti mbele yake. "Nitawapigia Nairobi. Niwaambie nimebadilisha mawazo."

"Usifanye hivyo, mwana wanje," alisema, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Utakuwa umewaangusha watu wa pili." Akamtazama. "Nchi yangu siwezi kukulazimisha uipende. Hata mimi mwenyewe siijui vizuri, naipenda tu. Lakini yule kocha wa Bujumbura anasubiri. Mpigie. Sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Annick akapiga. Gaudence alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ahsante kwa kusema," alijibu. "Ila ungesema mapema. Kuna msichana wa Gitega nilimrudisha nyumbani ili nafasi yako ibaki." Akamtakia heri, akakata.

Annick alimsihi baba yake aje ale chochote kabla ya safari. Polycarpe alisema hana njaa. Aliondoka na suti yake iliyojaa vumbi la lami nyuma.

Jumapili iliyofuata Annick alipanda basi kwenda Arlington, akaketi kanisani kati ya wazazi wake ambao wiki nzima walikuwa wamesemeshana mambo ya chakula na funguo tu. Yalipofika matangazo, baba yake akasimama. Hakuwa amemwambia mtu kwamba atasimama.

"Ndugu zangu," alisema, "niliwaomba mumwombee binti yangu aichezee Burundi. Ataichezea Kenya, kwa mama yake. Naomba msiache kumwombea."

Wachache wakapiga makofi. Wengine walitazama viatu vyao. Annick alihisi uso unawaka, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mgongo ule wa baba yake uliosimama wima peke yake mbele ya watu. Everline aliutafuta mkono wa mumewe alipoketi. Polycarpe hakuukataa mkono wake, lakini hakuufumbata.

Nje, Perpétue akamjia Annick. Safari hii hakumshika mashavu. "Ungetuambia tu, mwanangu," alisema. "Tungelia siku moja, tukanyamaza."

Annick akaenda Nairobi. Alicheza mechi nzima, wakashinda bao moja kwa bila, na ndugu wa mama yake waliotoka Kisii wakaimba jina lake mpaka wakakauka koo. Alicheza vizuri. Baadaye, bafuni, alitapika, akamwambia daktari wa timu kwamba ni chakula.

Polycarpe aliitazama mechi kwenye simu, katika chumba cha mapumziko kazini. Akapiga. "Kipindi cha pili ulimwachia mtu wako nafasi, upande wa kushoto."

"Niliona, Papa."

"Vizuri kama uliona." Akauliza habari za bibi, akaaga.

Everline aliomba radhi, zaidi ya mara moja, na polepole nyumba ikarudi kuwa na mazungumzo. Annick alimwomba baba yake waende Burundi pamoja, wawili tu, chuo kikifungwa. Polycarpe alisema, "Tutaona." Bado hajasema zaidi ya hapo.

Tangu wakati huo Kenya imemwita tena mara kadhaa. Kila akiitwa, kabla hajajibu na kabla mama yake hajajua, humpigia baba yake kwanza. Polycarpe huuliza ndege inaondoka saa ngapi, na siku ikifika humpeleka mwenyewe uwanja wa ndege, humshushia begi, na hungoja pale nje hadi mlango wa kioo ujifunge nyuma yake.