Siku ya Mwisho ya Kodi ya Lutengano

Tusekile alikuwa na mdomo, hilo hakuna aliyelibishia. Sokoni Tukuyu, alikouza ndizi, wateja wengine walinunua ili tu anyamaze. Lakini jina la baba mkwe wake hakuwahi kulitamka hata siku moja. Kwa Wanyakyusa mkwe hatajwi, hatazamwi, hasemeshwi. Miaka sita ya ndoa, kila alipomwona mzee njiani alijitosa migombani mpaka apite. Mzee naye akiwahi kumwona, aligeuza njia. Wachungaji walihubiri weee kuipinga mila hiyo, wakachoka wenyewe.

Mwaka wa hamsini na nne, siku ya mwisho ya Desemba, ndiyo ilikuwa mwisho wa kulipa kodi ya kichwa. Pesa za mumewe, Lutengano, zilikuwa hazijafika kutoka machimbo ya dhahabu ya Chunya. Daftari likifungwa saa kumi, jina lake lingepelekwa bomani, na siku atakayorudi nyumbani angekamatwa. Mzee aliondoka asubuhi kwenda ofisi ya chifu kumwombea mwanawe muda. Mama mkwe, aliyezoea kupeleka maneno kati yao, alikuwa msibani.

Saa nane na nusu jirani yao Silvester akashuka kwenye lori la Chunya na bahasha ya shilingi. Tusekile hakungoja mtu. Alijifunga khanga kiunoni akatimua mbio kwenye tope na mvua, mwendo wa saa nzima na zaidi.

Ofisini kwa chifu foleni alikuta imekwisha. Karani Edmund, Mhehe wa Kihesa, Iringa, aliyehamia hapo mwezi ule ule, alikuwa anafunika wino.

"Shikamoo, bwana karani. Nimeleta kodi ya Lutengano."

"Marahaba. Humu Lutengano wako watatu. Baba yake nani?"

Tusekile akababaika. "Yule wa ng'ombe mweupe, pembe moja imepinda."

"Mama, mimi sikusanyi kodi ya ng'ombe. Jina!"

"Siwezi kulitaja. Ni mkwe wangu."

"Zimebaki dakika tano. Bila jina siandiki."

Machozi yakamlengalenga. Amponze mume wake kwa neno moja? Basi potelea mbali, atalitaja! Akavuta pumzi.

"Andika Asukile," sauti ikasema kutoka nje.

Alikuwa mzee mwenyewe. Alinyimwa muda na chifu tangu asubuhi, akabaki kibarazani akitumaini chifu atalegea. Sasa alikuwa amewapa mgongo, blanketi mpaka utosini, anazungumza na ukuta. Tusekile alijifunika khanga usoni, akapiga mbizi chini ya meza, karibu na viatu vya karani.

Edmund akatazama blanketi, akatazama khanga, akatikisa kichwa. Huko kwao Iringa hakuwahi kuona vituko vya namna hii. Akaandika, akagonga muhuri, akachana stakabadhi.

"Na aliyeleta pesa nimwandike nani?"

Mvua ilikuwa imepungua, na mzee angeweza kwenda zake. Hakwenda.

"Andika," aliuambia ukuta, "imeletwa na binti yangu."

Akashuka ngazi taratibu bila kugeuka nyuma. Tusekile alilia kwa furaha pale pale chini ya meza, akalia sana, mpaka Edmund akamkatia kipande cha karatasi ya kukaushia wino, ajifutie.