Jumamosi ya Kuunganisha Shule

Shule yetu ilijengwa kwa hasira. Wazee wa kanisa letu la Wasabato walikosana na Wakatoliki wa ng'ambo ya kijito, wakawatoa watoto wao huko, wakachoma matofali na kujenga madarasa yanayotazamana na shule waliyoikimbia. Ndiyo maana hapa kwetu, si mbali na Kebirigo, ukisimama mahali pamoja unasikia kengele za shule mbili. Nilisoma hapo, nikafundisha hapo, nikawa mwalimu mkuu hapo hapo. Sikuwahi kutamani kwingine.

Kisha watoto wakapungua. Siku hizi watu wanazaa wawili, na wenye uwezo huwapeleka watoto wao shule za kibinafsi. Tulipobaki na wanafunzi arobaini na watatu, afisa wa elimu alinipigia simu. Shule ndogo zinaunganishwa, alisema, na yetu ingeingizwa kwenye ile ya ng'ambo, isipokuwa wazazi waje mkutanoni wenyewe kuitetea. Akataja tarehe. Nikasema sawa, haraka haraka, nisionekane mkaidi. Yeye alikuwa mgeni kutoka Pwani, hakujua mambo yetu. Mimi je? Nilipokata simu ndipo nikatazama kalenda ukutani. Tarehe ile ilikuwa Jumamosi.

Ningeweza kumpigia tena. Dakika mbili tu. Lakini nina kiburi, wacha niseme ukweli. Niliona aibu kwamba mimi, Msabato wa kuzaliwa, nimekubali mkutano siku ya Sabato. Nikawaandikia wazazi barua, nikaweka tarehe bila kutaja siku, nikawapa watoto wapeleke nyumbani. Nikajipa moyo kwamba watachomoka kidogo ibadani waje, na Mungu ataelewa, maana ni mambo ya watoto.

Siku yenyewe nilivaa nguo yangu ya kanisani, nikapita mbele ya kanisa mapema kabla watu hawajafika, nikitazama chini kama mwizi. Nikatoa mabenchi sita, nikayapanga kwenye nyasi, nikayapangusa umande. Afisa alifika saa nne na faili yake. Tukakaa. Tukaongea juu ya mvua, tukaongea juu ya majani chai. Saa tano ikapita. Wimbo ukaanza kushuka kutoka kanisani, na kila sauti naijua: ile nzito ya mwenyekiti wa wazazi, ile kali ya mama anayewapikia watoto uji. Mabenchi yalikuwa matupu, na mimi nilitamani kulia.

“Wale wanaoimba ni kina nani, Mwalimu?” afisa aliuliza.

“Ndio wazazi wenyewe.”

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi kuliko matusi. Akasema angeahirisha kama ingewezekana, ila ripoti inatakiwa Jumatatu. Akafungua faili, na penye nafasi ya idadi ya wazazi na walimu waliohudhuria akaandika moja. Kisha akanisaidia kurudisha mabenchi darasani.

Sasa mimi ni mwalimu wa kawaida ng'ambo ya kijito. Wenzangu ni watu wema, sina neno nao. Siku ya kwanza walinipa kiti karibu na dirisha. Hawakufikiria kwamba dirisha hilo linatazama paa la shule yetu. Watoto wetu walipata marafiki wiki ile ile. Mimi bado. Wakati wa chai hunywa yangu nikiwa nimegeukia ukuta, na watu wanadhani nasahihisha madaftari.

Kanisani nilikaa wiki tatu bila kwenda. Niliporudi, nilikaa nyuma kabisa. Baada ya ibada nilimshika mkono omong'ina mmoja, bibi ya mwanafunzi wangu, aliyenifahamu tangu nikiwa mtoto, nikamtolea hasira yote niliyokuwa nimeiweka. Nilimuuliza walishindwa vipi kutuma hata mtu mmoja.

Hakuutoa mkono wake.

“Tuliona ni Sabato, tukajua umekosea tarehe na utairekebisha,” alisema. “Tukasema huyu ni wetu, hawezi kwenda huko. Tulikuwekea nafasi yako kwenye benchi mpaka ibada ikaisha.”