Chozi wa Mndimu Wetu

Watu wakisikia mtu mzima anajutia kukata majani ya mndimu, hucheka. Na wacheke. Majani yenyewe hayakujaza hata kiganja.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru, nikiwa mwalimu wa shule ndogo ya kijiji karibu na Somanga. Kamera niliinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge huko Lindi, aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Mke wangu, binti wa Pande, aliipa jina la mke mwenza siku ya kwanza tu. Asubuhi alikuwa akiniuliza mke mwenzake kaamkaje, nami nacheka, kwa sababu ni kweli niliipangusa kamera ile kuliko nilivyopangusa viatu vyangu.

Nilipenda kupiga picha za ndege, ila rangi ilinishinda. Filamu nilizozimudu zilijua nyeusi na nyeupe basi. Keremkerem, ndege wa kijani na wekundu wa kukatisha maneno, alirudi kutoka kwa Mhindi mpiga picha wa Lindi, aliyenisafishia filamu, akiwa kama kipande cha mkaa. Nikasema kama rangi haikamatiki, nitakamata jicho. Jicho la ndege linataka mwanga tu, lile doa jeupe la jua ndani ya weusi, na hapo ndege anakuwa hai kwenye karatasi. Nikafunga kioo cha kukuza mbele ya lenzi, na pembeni nikaning'iniza uzi wenye fundo wa kupimia umbali, maana kwa karibu namna ile ukikosea upana wa kidole umeharibu picha.

Ofisa wa elimu, Mzungu, alipokuja kukagua shule aliziona picha zangu. Akasema mwisho wa mwezi atapita tena, na angependa kuona moja ya karibu kabisa. Kichwa kikanivimba.

Mwezi huohuo chozi wawili wakajenga kwenye mndimu nyuma ya jiko letu. Ni ndege wadogo wenye mdomo uliopinda. Dume shingo yake inang'aa kijani na kifuani ana mkanda wa rangi ya damu ya mzee, jike ana rangi ya vumbi. Kiota chao kinaning'inia kama mfuko, kimeshikizwa kwa utando wa buibui, na mlango uko ubavuni. Jike akiwa ndani, kichwa tu ndicho huchungulia.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Alipokiona kiota alihamisha mafiga yake upande wa pili wa ua ili moshi usiwafikie, na ndimu za mti ule akaacha kuzichuma. Aliniambia wazi kwamba wale wakiruka salama, moyo wake utatulia. Nikamjibu kwamba anajitisha bure, ndege na mimba wapi na wapi. Mwalimu mimi, nilikuwa na majibu ya kila kitu.

Makinda walipoanguliwa nilimwomba nipige picha moja. Akakataa.

"Mtoto mchanga hakodolewi macho kabla ya arobaini," akasema. "Na hiyo kamera yako ni jicho tu. Subiri waruke."

Nilimweleza habari za lenzi na mwanga mpaka akachoka kunisikiliza. Mwishowe nikamwahidi kwamba nitasubiri. Lakini mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, na sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi moja alikwenda kisimani kufua. Jua lilikuwa zuri, ila majani yalifunika mlango wa kiota na kuutia kivuli. Nikachukua mkasi wa shule, nikapunguza ya juu, kisha ya pembeni. Nikapima kwa uzi, nikajibanza nyuma ya kamera. Jike alizunguka weee, hatimaye akaingia, akatoa kichwa, akanitazama moja kwa moja. Nikapiga. Majani niliyafukia kwenye shimo la taka, na mtu hafukii kitu anachoamini ni halali.

Kesho yake kunguru alikuwa ameshafika. Tulikuta kiota kimechanika, hakuna kitu ndani. Mke wangu alisimama pale na ungo wake, akagusa ncha za vitawi, bado mbichi.

"Ulikata," akasema.

Nikasema nilikata kidogo tu. Habari ya jicho baya siikubali hata leo. Majani yale ndiyo yaliyowaficha wasionwe na kunguru, na aliyeyaondoa ni mimi.

Hakugomba. Baada ya wiki aliomba kwenda kujifungulia kwa mama yake Pande, ingawa tulikuwa tumekubaliana abaki nami. Binti yetu alizaliwa salama, alhamdulillahi. Nikaletewa salamu kwamba nije, ila kamera niiache. Nilikwenda mikono mitupu. Arobaini ikapita, mke wangu akakaa hukohuko mpaka mtoto akasimama dede. Aliporudi alinipikia, alinifulia, aliniuliza habari za shule, yote kwa adabu, kama mtu aliyefikia kwa jamaa wa mbali. Utani ulikwisha.

Picha niliificha sandukuni. Ofisa alikuwa ameisifu mno, nakala moja akaondoka nayo. Siku moja mke wangu akitafuta sindano aliikuta, akaipeleka dirishani penye mwanga. Nami, kwa upumbavu wangu, nikasogea nikaanza kumwonyesha: tazama nuru ndani ya jicho, tazama kila unyoya ulivyo peke yake. Aliiangalia muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "huyu mama anaogopa."

Akanirudishia, akaenda kumchukua mtoto.

Niliiangalia tena, na tangu hapo sijaweza kuona kitu kingine kwenye picha ile. Jicho limemtoka, manyoya ya kichwani yamebana, shingo imerudi nyuma. Nilikuwa mbali naye dhiraa moja, nimempima kwa uzi, na sikuona. Na mke wangu, miezi ile yote ya mimba, kila nilipotoka uani na kamera, alinitazama kwa macho yaleyale, nayo pia sikuyaona.